Tongoni, Kigombe na mpaka wa Jiji la Tanga

Ukitoka Tanga kwa barabara ya Pangani unapita Tongoni, kisha Kigombe. Kote huko ni wavuvi, minazi na mihogo, na mgonjwa akipewa rufaa anapelekwa hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Kinachowatenganisha ni mpaka. Kigombe iko Wilaya ya Muheza, kwa hiyo inahesabiwa vijijini. Tongoni, pamoja na magofu yake ya msikiti wa karne ya 15, ni kata ya Jiji la Tanga, kwa hiyo inahesabiwa mjini.

Vijiweni Ngamiani na Chumbageni, katikati ya mji, jambo hili huonekana ni bahati ya watu wa Tongoni. Wamepata jiji bila kuhama, sasa wanalalamikia nini? Nadhani wanaouliza hivyo hawajawahi kujaza fomu ya kuomba umeme wakiwa upande ule.

Wilaya ya Tanga iliyohesabiwa katika sensa ya 1967 haipo tena. Muheza ilitoka humo, na baadaye Mkinga ikakatwa kutoka Muheza. Kilichobaki na jina la Tanga ni mji na mashamba yanayouzunguka. Mpango wa serikali wa Madaraka Mikoani wa 1972 ukafuta halmashauri, sheria za 1982 zikazirudisha, na mwaka 2005 Manispaa ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Vijiji vilivyokuwa ndani ya mpaka vimekuwa mitaa, na leo Jiji lina kata 27 na mitaa 181. Kati ya kata hizo zimo Kirare, Marungu, Mabokweni na Chongoleani, ambako hadi leo mtu anaamka na jembe au na wavu.

Hoja ya wanaotetea mpaka huu si nyepesi. Jiji lina bandari, lina kiwanda cha saruji Pongwe, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria inaitenga kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni fungu nono kuliko la halmashauri ya wilaya inayotegemea ushuru wa mazao. Mamlaka ya maji ya Tanga iliweza mwaka 2024 kwenda sokoni na hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ikapata zaidi ya ilichoomba, jambo ambalo jumuiya ya maji ya kijijini haiwezi hata kuliota. Halafu kuna mipango miji. Mji unaokua bila ardhi ya akiba huishia kubomolea watu, na wenyeviti wa vijiji waliouza kiwanja kimoja kwa wateja watatu hawajapungua nchi hii. Haya yote nayakubali.

Lakini tuchukue umeme. Kwa bei zilizoanza kutumika Januari 2022, kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, kwa umeme wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani, na bila kuhitaji nguzo, ni shilingi 320,960. Karibu mara 12. Mantiki yake inaeleweka: mjini nyumba zimebanana, kipato ni kikubwa, na ruzuku ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, iende kwa wanyonge wa vijijini. Ila kipimo kilichotumika hakikuwa kipato wala msongamano wa nyumba, kilikuwa hadhi ya eneo kiutawala. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti ikiwa ndani ya mpaka wa jiji inaingia bei ya mjini, na nyumba ya tofali na bati la rangi kijijini inalipa 27,000. Kwa anayeishi kwa msimu wa samaki, 27,000 ni ya kudunduliza mwezi mmoja. Laki tatu na ushee ni injini ya mtumbwi isiyonunuliwa, au ada ya mtoto.

Wabunge walipiga kelele hadi likazaliwa jina jipya bungeni, mitaa yenye sura ya kijiji, na Serikali ikakubali kuitambua mitaa ya namna hiyo ili ipate bei ya kijijini. Ni hatua nzuri. Lakini angalia kilichotokea: Kigombe haikuhitaji kuombewa na mtu. Mtaa wa pembezoni mwa jiji unapaswa kuingizwa kwenye orodha, na orodha ina mwenye kalamu. Na huo ni umeme peke yake. Kila ruzuku itakayobuniwa kwa kigezo cha mjini na vijijini italeta kilio kile kile, na orodha nyingine.

Suala la ardhi ni zito zaidi, ingawa halina bei ya kutaja kijiweni. Kijiji kilichosajiliwa kina halmashauri ya watu 15 hadi 25 inayoweza kushitaki na kushitakiwa, kutunga sheria ndogo, na, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kusimamia ardhi na kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 ikitakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Mtaa hauna kitu hicho. Una mwenyekiti, kamati ndogo na muhuri.

Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda limepangiwa kuishia Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Sisemi kuwa wakazi wa kule walidhulumiwa. Mwenye ardhi ya kimila ana haki ya fidia popote alipo, na Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo mwaka 1994 katika shauri la Lohay Akonaay. Ninachosema ni kwamba mradi ukija kijijini unakuta kikao chenye nguvu ya kisheria. Ukija mtaani, kila kaya inasimama na mthamini peke yake, mwembe kwa mwembe.

Sioni haja ya kuirudisha Tongoni Muheza, wala sijui kama wenyewe wangetaka, maana barabara na maji wanayahitaji kama mtu mwingine yeyote. Lakini kijiji ndani ya halmashauri ya mjini si kitu kigeni. Jiji la Tanga lenyewe lilikuwa navyo, na halmashauri za miji kadhaa zimekuwa na vijiji sambamba na mitaa. Baraza la Madiwani lingeweza kupitia kata za pembezoni moja moja na kupendekeza zipi zirejeshewe hadhi hiyo mpaka viwanja vitakapopimwa na watu kujenga. Lianze na zile zilizo kandokando ya miradi mikubwa, kabla mthamini hajafika na kamba yake.