Kusogeza reli za petroli ili intakula ipate nafasi: inafaa lini Nairobi?

Kwenye injini ya V (silinda zake ziko safu mbili zenye bonde katikati) iliyofungwa supachaja, yaani pampu ya kusukumia hewa kwenye injini, juu ya bonde hilo, kwa mfano 1GR-FE ya Toyota, lita 4.0, inayopatikana kwenye Prado, intakula ya maji, yaani kipoza hewa, hukaa vizuri zaidi kati ya supachaja na manifoldi, yaani mabomba ya kugawa hewa kwa silinda. Shida ni kwamba reli mbili za petroli, mabomba yanayolisha injekta za kupulizia petroli, zinapita papo hapo. Uzisogeze, au uachane na intakula. Kwa Nairobi, jibu linaanzia kwenye hewa.

Jiji liko juu ya mita 1,700, na presha ya hewa ni takribani kPa 82, ilhali Mombasa ni 101. Supachaja huzidisha ile hewa inayoikuta tu. Puli (gurudumu la mkanda linalozungusha supachaja) inayotoa presha ya psi 8 pwani itatoa kama 6.5 hapa. Mwenye gari akilalamika, fundi anafunga puli ndogo zaidi, supachaja inazunguka kwa kasi zaidi, na geji inarudi 8. Geji haionyeshi joto, na joto ndilo lililopanda. Kwa supachaja ya aina ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 55, hewa iliyoingia na nyuzi 25 ilikuwa ikitoka na kama 96. Sasa inatoka na 111 hivi. Hapo injini huanza kunoki, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, hasa ukiwa umebeba mzigo ukipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, mguu chini kwa dakika kadhaa mfululizo.

Intakula inayoondoa asilimia 70 ya tofauti kati ya joto la hewa na la maji, maji yakiwa nyuzi 35, itaishusha hewa hiyo hadi karibu 58. Ukitoa presha inayopotea ndani yake, bado silinda inapata hewa zaidi kwa takribani asilimia 11, na taimingi (wakati wa kuwasha cheche) haihitaji kurudishwa nyuma sana. Hiyo ni faida ya kweli.

Wanaopinga nao wana hoja. Kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa rejeta ndogo ya intakula haipati upepo, maji yanazidi kupata joto taratibu, na isipokuwa na feni yake na pampu isiyozimika, umebeba chuma cha bure. Kubwa zaidi, unagusa mfumo wa petroli uliokuwa hauvuji, sentimita chache kutoka kwenye chuma cha moto. Kama puli ni ileile iliyokuja na supachaja na gari ni la mjini, tunakubaliana nao: acha reli zilivyo. Kama puli imepunguzwa, intakula ni ya lazima, la sivyo rudisha puli ya zamani.

Ukishaamua, usikate reli ya zamani na kuichomelea. Reli iliyokuwa na petroli hubaki na mvuke hata ikikaa wazi, na welda anaweza kuumia vibaya. Tengeneza mpya kwa bomba nene la alumini, tundu la ndani milimita 15 au 16. Mkerezaji mzuri wa Industrial Area au Kariobangi ataiweza, ila mpe injekta mkononi, si vipimo vya kukisia. Kikombe cha injekta kimalizwe kwa rima (chombo cha kulainisha tundu), si drili peke yake, na mdomo wake uchongwe mshazari. Drili huacha makovu yanayokata oringi (pete ya mpira ya kuzibia) siku ya kuifunga, na uvujaji unaonekana wiki kadhaa baadaye. Vishikizo viiweke reli mahali pake bila bolti kuisukuma injekta chini. Injekta ikishafungwa inapaswa kuzunguka kwa vidole.

Viungio viwe vya saizi ya AN-6 vinavyozibwa kwa oringi. Tepu nyeupe ya mabomba ni marufuku hapa: vipande vyake huziba injekta. Mpira wa kuunganisha reli mbili uwe na maandishi SAE J30R9 au uwe wa Tefloni uliofumwa kwa waya. Mpira wa kawaida wa petroli unaouzwa kwa mita ulikusudiwa kabureta, yenye presha ndogo. Kama reli ya zamani ina kidhibiti cha mitetemo ya presha ya petroli, kihamishe. Bila hicho silinda moja inaweza kupungukiwa petroli kwenye mzunguko fulani wa injini.

Kuna jambo linalosahaulika. Injini hizi hazina bomba la kurudisha petroli, na regyuleta yake, inayodhibiti presha ya petroli, iko tangini, haijui kilichomo kwenye manifoldi. Reli ikiwa na kPa 300 na supachaja ikisukuma 55, injekta inabaki na 245, na mtiririko unapungua karibu asilimia 10, wakati huohuo umeongeza hewa. Maadamu reli umeshaitoa, weka bomba la kurudisha na regyuleta inayosoma presha ya manifoldi.

Kwa kupima kama reli inavuja, pampu ya mkono ya kupimia nozeli za dizeli inatosha, lakini geji yake husoma mamia ya bar. Ibadilishe kwa ya bar 0 hadi 16. Panda hadi bar 6, subiri nusu saa. Usitumie kompresa ya hewa. Pima tena reli ikiwa kwenye injini, kisha baada ya injini kupata moto na kupoa, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma.

Yote haya ni ya injini zinazopuliza petroli kwenye manifoldi. Range Rover ya lita 5.0 yenye supachaja hupuliza moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha ya hadi bar 150, na imetoka kiwandani na intakula zake. Reli ya namna hiyo haiguswi.