Daftari la TiddlyWiki: libaki faili moja au lihamie kwenye seva ya ndani?

Tangu Jeremy Ruston alipoitoa mwaka 2004, TiddlyWiki, programu ya kuandikia madokezo ndani ya kivinjari, imesimama juu ya wazo moja: daftari zima, yaani madokezo, viungo, picha na hata programu yenyewe ya kuyahariri, limo ndani ya faili moja ya HTML, yaani ya ukurasa wa wavuti. Faili hiyo huingia kwenye flashi na hufunguka katika kompyuta ya mtu mwingine pasipo kusakinisha chochote. Programu hiyo hiyo, hata hivyo, inaweza kuendeshwa kwa Node.js (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) kama seva ndogo ndani ya kompyuta yako, bila kuhitaji intaneti, na hapo kila dokezo hukaa katika faili yake. Nimetumia njia zote mbili kwa miaka kadhaa, na naona kwamba hoja inayotajwa mara nyingi kama sababu ya kuhama, yaani ukubwa wa faili na kasi, ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Ni kweli kwamba faili moja huandikwa upya yote kila unapohifadhi, hata kama umesahihisha nukta tu, na kwamba picha iliyoingizwa ndani yake huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja, kwa kuwa kila baiti 3 hugeuzwa kuwa herufi 4. Lakini seva nayo, isipoelekezwa vinginevyo, hukipelekea kivinjari madokezo yote mara unapofungua ukurasa, kwa hiyo anayehama akitarajia daftari lake lifunguke upesi zaidi huenda asione tofauti yoyote. Maandishi hayalemei sana. Kinacholemea ni picha na faili za PDF, na hizo zinaweza kuwekwa nje ya daftari na kuunganishwa kwa kiungo hata kabla ya kufikiria seva.

Tatizo halisi la faili moja liko katika kuhifadhi. Kwa sababu za usalama, ukurasa wa kawaida hauruhusiwi kuandika moja kwa moja juu ya faili yake katika diski. Bila kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) au programu nyingine ya kusaidia, kila unapohifadhi kivinjari hupakua nakala mpya, na baada ya wiki chache folda ya vipakuliwa hujaa madaftari yanayofanana majina. Watumiaji wa Firefox walikuwa na kiendelezi cha TiddlyFox kilichowaondolea usumbufu huo, mpaka Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017 na kuacha viendelezi vya mtindo wa zamani. Njia mbadala zilipatikana, na baadhi ni nzuri, lakini tukio lile lilionyesha kwamba faili tunayoisifu kwa kujitegemea inategemea kitu cha pembeni pale inapohitajika zaidi.

Mimi nilipoteza madokezo ya siku tatu kwa kufungua faili ile ile katika vichupo viwili. Kichupo cha zamani, nilichokuwa nimekisahau, kilihifadhi baadaye na kuandika juu ya kazi yote ya kile kipya. Programu haikuwa na kasoro: faili moja huhifadhiwa nzima, na wa mwisho kuhifadhi ndiye anayebaki.

Kwenye seva kila dokezo huhifadhiwa peke yake, punde tu unapomaliza kulihariri, na kosa kama langu lingeharibu dokezo moja badala ya daftari. Tena, kwa kuwa kila dokezo ni faili ya maandishi yenye kichwa, tarehe na lebo zake, Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, inaweza kukuonyesha ni sentensi ipi iliyobadilika na lini. Kwa mtu anayeandika utafiti wake humo kwa miaka, kumbukumbu hiyo ya mabadiliko pekee inatosha kuwa sababu ya kuhama.

Gharama zake nazo si ndogo. Faili moja inaweza kufungwa kwa nywila na yaliyomo yakasimbwa, yaani yasisomeke bila nywila hiyo. Kwenye folda ya seva madokezo hukaa wazi, na yeyote anayeishika kompyuta huyasoma, isipokuwa diski yenyewe iwe imesimbwa. Seva husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani kompyuta ile ile; ukitaka kuyasoma kwa simu, itakubidi uifungulie mtandao wa nyumbani na kuiwekea nywila, ambayo kwa HTTP ya kawaida (njia ya kivinjari kuwasiliana na seva) husafiri bila kusimbwa. Kwenye Wi-Fi ya hosteli au ya ofisi nisingefanya hivyo. Na asiyeruhusiwa kusakinisha programu katika kompyuta anayotumia, au anayehama kutoka mashine moja hadi nyingine kila siku, abaki na faili yake, seva haitamfaa.

Kwa anayeandika kila siku katika kompyuta yake mwenyewe, nashauri ahame, hasa kwa kuwa njia ya kurudi ipo: amri moja hukusanya folda yote kuwa faili ya HTML. Kila Ijumaa natoa faili hiyo na kuiweka kwenye flashi, ili umeme ukikatika au kompyuta ikiharibika niweze kusoma popote. Nakala hiyo siihariri kamwe, kwa sababu siku nitakapoandika ndani yake nitakuwa tena na madaftari mawili yanayopingana.