Dvořák, kijiji chake na nyimbo za Burleigh

Ukizisikiliza Ngoma za Kislavoni, vipande vya muziki wa kucheza vya mtunzi Mcheki wa karne ya 19, Antonín Dvořák, utadhani zimeokotwa vijijini Bohemia, nchi ya Wacheki. Sivyo. Katika seti ya kwanza, ya mwaka 1878, lahani, yaani tuni, ni zake mwenyewe. Alichochukua ni mwendo wa ngoma. Furiant, ngoma ya Kicheki, ni ya mapigo matatu, lakini mkazo huanza kuangukia kila baada ya mawili, kisha mapigo hujirudi pale mchezaji alipoanza kupotea. Ni raha tupu.

Wanaomtetea dhidi ya madai kwamba alijichukulia muziki wa watu husema hakumnyang'anya mtu wimbo wake. Brahms, mtunzi Mjerumani aliyempigia debe kwa mchapishaji Simrock wa Berlin, alitumia katika Ngoma zake za Kihangaria lahani alizodhani hazina mwenyewe, kumbe nyingine zilikuwa na watunzi. Hapa nawaunga mkono. Dvořák, mtoto wa mchinja nyama wa Nelahozeves, kijiji cha Bohemia, alipiga fidla kwenye ngoma za kijiji tangu utotoni. Mwendo ule ulikuwa wake.

Ugumu unaanzia New York, alikokwenda mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki. Mwanafunzi Mweusi, Harry Burleigh, alimwimbia mara nyingi nyimbo za watumwa, alizojifunza kwa babu yake aliyewahi kuwa mtumwa. Mwaka 1893 Dvořák alitamka gazetini kwamba muziki wa Marekani ujengwe juu ya nyimbo za Weusi. Katika Marekani ya wakati ule, hilo lilihitaji ujasiri. Desemba mwaka huohuo simfonia yake ya tisa, utunzi mrefu wa okestra, ikapigwa Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York.

Wakosoaji huuliza: Burleigh alipata nini? Swali ni la haki. Lahani ya sehemu ya pili, ile polepole, inakaribia mno roho ya nyimbo zile, hata William Arms Fisher, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipoitilia maneno mwaka 1922, wengi waliamini ni wimbo wa kale wa watumwa. Anayechukua lahani huacha ushahidi, lakini anayechukua mwendo na roho, deni lake utalipimaje?

Simwiti Dvořák mwizi. Alitaja hadharani kisima alichochota. Burleigh naye alikuja kuzichapisha nyimbo hizo kwa piano na sauti, kwa jina lake. Ila simfonia ile inapopigwa leo, natamani kijitabu cha onyesho kimtaje pia kijana aliyeimba.