Mwizi Wangu Anabeti Senti 82

Mtu ninayemshuku kuwa ameniibia alikuja kunipa pole Jumatatu asubuhi. Na haikuwa pole ya kupita njia, ilikuwa pole ya kuketi. Alivuta kiti cha plastiki, akakikung'uta unga, akatikisa kichwa kama mzee wa msibani, "Dunia imeharibika, Baba Zahra." Kisha akaagiza chai na kumwambia Mama Chai aiandike kwenye jina langu.

Mimi nasaga mahindi hapa Kisenyi, Kampala. Ni mtoto wa Busia, mpakani na Kenya, ndiyo maana Kiswahili changu hakihitaji kusukumwa. Mchana kutwa niko mweupe kwa unga, kama maiti aliyeamka kabla hajavikwa sanda. Jioni mashine ikizimwa, masikio yakiwa bado yananguruma, nacheza poka kwenye simu. Wenzangu wana pombe ya waragi, wengine wana mambo mengine ambayo wake zao hawasomi Kiswahili ndiyo pona yao. Mimi nina poka ya senti tano kwa kumi za dola, ndizo dau za lazima za kuanzia mgao. Mama Zahra anajua ni programu ya hesabu. Si uongo.

Kwenye akaunti nilikuwa na dola 64. Wewe cheka tu. Dola 64 ni kama laki mbili na elfu thelathini za Uganda, na nilizifikisha hapo kwa miezi minane ya kutupa karata mbovu. Poka ya Texas ndivyo ilivyo: unapewa karata mbili za siri, mezani zinafunguliwa tano za wote, na mwenye akili hutupa zake mara nyingi kuliko anavyocheza. Esi mbili, jozi bora kuliko zote za kuanzia, huja mara moja katika migao 221. Wengi hawawezi kungoja kiasi hicho. Lakini mimi nimewahi kukaa kwenye taksi ya Busia, basi dogo, pale kituo cha Old Taxi Park ikisubiri abiria mmoja wa mwisho, kila akiingia mmoja wanashuka wawili. Kungoja nimesomea.

Aliyenitia kwenye poka ni huyo huyo wa pole. Nitamwita Swahiba, kwa kuwa jina lake halisi nikilitaja ataniomba fidia. Swahiba ni fundi simu, kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka kwenye mashine yangu. Ndiye aliyenisimulia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee kule Marekani, ambaye mwaka 2003 aliingia kwenye mashindano madogo ya intaneti kwa dola 86, yakampeleka Las Vegas, akarudi na milioni mbili na nusu. Nikamwuliza, jina lake la ukoo kweli ni "mtengeneza pesa"? Akaapa. Nikaenda kutafuta, banange, ni kweli! Mtu amezaliwa na jina hilo, wewe unaitwa kwa jina la babu aliyekufa akidaiwa mbuzi, halafu unataka mshindane meza moja.

Sasa tuje kwenye aibu yangu. Nenosiri langu lilikuwa Arsenal2004. Najua, najua. Mwaka 2004 tulimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja, na hatujachoka kusema. Nadhani ukiandika Arsenal2004 kwenye simu yoyote ya Kampala, nusu zitafunguka zenyewe na nyingine zitaanza kulia. Swahiba ni mtu wa Manchester United. Kwa hiyo kama ni yeye, basi aliandika jina la Arsenal kwa vidole vyake mwenyewe, na kwa hilo peke yake angestahili adhabu tofauti.

Simu yangu ilivunjika kioo. Nikampelekea Swahiba. Akaniuliza mchoro wa kuifungulia, nikamwambia ni herufi Z. Ikalala kwake siku mbili, kwa sababu, anasema, kioo kilikuwa njiani. Kioo cha simu kinatoka mtaa wa pili, ssebo, hakiji kwa meli!

Jumapili usiku nikaingiza nenosiri. Si sahihi. Nikaandika polepole, kwa kidole kimoja, kama mtu anayepita kwenye matope. Si sahihi. Nikabonyeza pale pa waliosahau, wakaniambia wametuma namba za siri kwenye simu inayoishia na 47. Simu yangu haiishii na 47. Swahiba ana laini tatu, mbili nazijua, na hizo mbili haziishii na 47.

Nikawaandikia wenye tovuti. Jibu likaja papo hapo, tamu kama la mchumba: wanathamini sana hisia zangu. Hisia! Mimi nataka dola zangu 64. Wakataka picha nimeshika kitambulisho cha taifa kando ya uso. Kitambulisho changu nilikipata mwaka 2015, na miaka yake kumi imekwisha. Pia picha ile ni ya mtu mwenye nywele, mwenye mashavu, mwenye matumaini. Nikapiga hivyo hivyo. Wakajibu kwamba kitambulisho kimepitwa na wakati na uso hauonekani vizuri. Uso ulikuwa na unga. Nikaunawa, nikapiga tena, nikatuma tena, na kila picha inakula bando, na kila bando tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12. Yaani ninaibiwa, halafu nalipa kodi ya kutangaza kwamba nimeibiwa.

Nikaenda polisi. Mnajua Waganda wa Kampala wanavyotuambia, kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Basi siku hiyo nikasema leo lugha itanilipa, maana natafuta mwizi na naongea na askari. Afande alinipokea vizuri sana. Akafungua kitabu.

"Umeibiwa nini?"

"Akaunti ya karata, afande."

"Karata za Matatu, hizi zetu za mitaani?"

"Hapana afande, poka."

"Kwa hiyo karata zenyewe ziko wapi?"

"Ziko kwenye simu."

"Na simu iko wapi?"

"Hii hapa."

Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akafunga kitabu taratibu, kwa upole wa daktari. Nikamtajia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kwamba kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa. Hapo ndipo nilipoharibu. Naye akaikumbuka sheria yake, ile ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016, inayokataza aliye chini ya miaka 25 kucheza. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nina miaka 43, kichwa kimeshakuwa uwanja wa ndege. Akasema nilete ushahidi wa umri. Nikakumbuka kitambulisho kilichokwisha muda. Nikamshukuru, nikaondoka kabla kesi haijabadilisha mshtakiwa.

Mwenyekiti wa mtaa naye alisikiliza kila kitu, akaamua kwamba tukae mimi na Swahiba tucheze Matatu mara tatu, atakayeshinda mbili ndiye mkweli.

Lakini mwizi wangu alisahau jambo moja. Tovuti ile nilikuwa nimeiomba zamani iwe inanitumia kumbukumbu za michezo yangu kwenye barua pepe, na ikaendelea. Kila usiku nikawa napokea taarifa kamili ya jinsi mtu mwingine anavyotumia pesa yangu, mgao kwa mgao. Ni kama kutumiwa picha za harusi ya mke wako.

Nikakaa nazo kama mwanafunzi wa mtihani. La kwanza, saa zake ni za GMT, zile za Uingereza msimu wa baridi. Ukiongeza tatu unapata za kwetu. Ijumaa mtu huyu alikuwa na mgao mzuri mkononi, na saa nne na robo usiku akatoweka mezani asirudi. Saa nne na robo Ijumaa ndipo umeme ulipokatika Kisenyi. Nakumbuka kwa sababu nilijigonga goti.

La pili, mwizi huyu hatupi saba na mbili. Mnaocheza mmeshashika kichwa. Kwenye poka, saba na mbili za maua tofauti ndizo karata mbovu kuliko zote za kuanzia, hata mlevi huzitupa. Huyu kila akizipata anapandisha dau! Nikajiuliza, ni nani duniani anayependa saba na mbili? Jibu ni mtu aliyejifunza karata kwenye Matatu. Kwenye Matatu, mbili inamlazimisha mwenzako kuokota karata mbili, na saba ya ua linalokata ndiyo inayomaliza mchezo, watu wanahesabu pointi. Kwa mcheza Matatu, saba na mbili ni dhahabu. Na Swahiba amecheza Matatu chini ya ule mwavuli wake tangu tufahamiane, miaka minane, na akishika saba pua inamcheza.

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. Kwenye meza ya senti tano kwa kumi watu hufungua dau kwa senti 25, au 30. Huyu anafungua kwa senti 82. Kila mara. 82, 82, 82. Nikadhani ni hesabu fulani ya kitaalamu, nikatafuta, hakuna. Saa nane za usiku Mama Zahra akanisikia nikipiga kelele kitandani, akadhani ni malaria. Tarehe 28 Agosti 2011, Old Trafford, Manchester United 8, Arsenal 2.

Alikuwa ananitukana kwa pesa yangu mwenyewe.

Nikawaandikia tovuti ukurasa mzima juu ya mechi ile. Wakajibu kwamba wanathamini sana hisia zangu.

Basi nikaamua kumfuata mezani. Shemeji yangu wa Jinja ana akaunti. Najua sheria za tovuti haziruhusu, lakini kitambulisho cha shemeji ni kizima. Nikaweka dola kumi, nikatafuta, nikajiona. Jina langu, SimbaKisenyi, limekaa kiti cha nne na picha yangu ya simba. Ni kama kukutana na koti lako kwenye sherehe ambayo hukualikwa, na linacheza muziki kukushinda.

Nikangoja. Nimeshasema kungoja nimesomea. Kwa muda wa saa moja na nusu natupa tu. Halafu zikaja: esi mbili nyeusi. Mikono ikaanza kutoa jasho, unga ukawa uji. SimbaKisenyi akafungua kwa senti 82. Nikasukuma zote zilizobaki. Akalipa bila kufikiri, akafunua saba na mbili.

Kwa hesabu, esi mbili huzishinda hizo karibu mara 88 katika mia. Ikafunguliwa kingi, saba, nne. Sawa. Ikaja tisa. Sawa kabisa. Ya mwisho ikaja mbili. Jozi mbili kwa jozi moja, chipu zangu zikatambaa kwenda kwa jina langu, na SimbaKisenyi akaandika mezani: "hehehe".

Asubuhi Swahiba akaja anapiga mluzi. Akavuta kiti. "Leo, Baba Zahra, chai na kikomando, chapati kwa maharage, ni juu yangu." Miaka minane sijawahi kusikia sentensi hiyo. Nikamwacha akae, nikaenda kwa Mama Chai, nikamwambia afungue lile daftari, ukurasa wangu ambao nusu ni chai za Swahiba, apige hesabu na ya leo ndani. Ilikuwa elfu saba na mia tano. Nikamnong'oneza jambo, akacheka, akakubali, zile za juu zikawa zake.

Akaja mezani amejipangusa mikono, uso mkavu kama hakimu. "Jumla, elfu nane na mia mbili."

Mimi sikumwangalia Mama Chai. Nilikuwa namwangalia Swahiba. Akatabasamu, tabasamu lote, hadi pua ikamcheza, kabla hajakumbuka kujizuia na kuinamia kikombe.

"Mbona wacheka?" nikamwuliza.

"Chai ina moto," akasema.

Nikaitisha kikomando cha pili, na mayai.