Msizioshe Picha za Magazeti

Wakusanyaji wengi wa picha za zamani za magazeti hutafuta picha safi, isiyo na alama wala madoa. Mimi natafuta iliyochafuliwa na wahariri. Kilichotoka kwenye kamera ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine waliiongeza watu wa chumba cha habari kwa mihuri, gundi na penseli, na sehemu kubwa iko nyuma ya picha.

Huko nyuma utakuta jina la mpiga picha au la shirika, maelezo yaliyopigwa kwa taipu na kubandikwa, vipimo vya ukubwa ambao picha ilitakiwa ichapwe, na tarehe. Mara nyingine tarehe huwa kadhaa, kwa kuwa picha moja iliweza kutolewa kabatini tena na tena: mtu anapochaguliwa, anaposhtakiwa, hatimaye anapofariki. Mihuri mitatu ya miaka tofauti inakueleza jinsi gazeti lilivyomkumbuka mtu huyo, jambo ambalo uso wake peke yake hauwezi kulisema. (Mwandiko, lakini, ni balaa. Jiandae kutumia kioo cha kukuzia.)

Upande wa mbele nako kuna mengi. Karatasi ya gazeti ni duni, na picha iliyochapwa kwa vitone ilipoteza maumbo yake, kwa hiyo wachoraji walipaka rangi nyeupe au ya kijivu ili kumtenga mtu na kilicho nyuma yake. Mistari ya kalamu ya nta ilionyesha pa kukata. Rangi ile iliyopakwa kwa kawaida huyeyuka kwa maji, na ndiyo maana wapo wanaoifuta kwa pamba yenye unyevu ili picha “irudi kama ilivyokuwa”. Irudi wapi? Alama zile zinaonyesha nani aliachwa nje ya ukurasa, wasomaji wasimwone kamwe. Ukishazifuta, ushahidi umekwisha, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Hata picha zilizotumwa kwa waya, yaani kupitia laini za simu, zinadharauliwa bure. Shirika la habari la Marekani, Associated Press, lilianza kuzisambaza kwa njia hiyo tarehe 1 Januari 1935. Hazina ung'avu wa picha iliyosafishwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu (filamu ya kamera), na maelezo yake mara nyingi yamo pembeni mwa picha yenyewe. Lakini hiyo ndiyo nakala iliyomfikia mhariri akiwa anakimbizana na muda wa kuchapa.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Tumia bahasha isiyo na asidi au ya poliesta, wala si ya PVC, plastiki inayoharibu picha. Usibandike selotepu wala kuifunika kwa plastiki ya moto. Negativu za asetati (aina ya plastiki) zinazonuka siki, yaani zilizoanza kuoza, zitenge na nyingine. Na ujue kwamba kununua karatasi si kununua hakimiliki.

Linaloniudhi zaidi ni kuvunjwa kwa makabati mazima ya picha. Gazeti linafungwa au linahama jengo, picha zinapigwa skani upande wa mbele tu, kisha zinauzwa mojamoja hadi tukio moja linatawanyika kwa wanunuzi wasiojuana. Njia nyingine ipo. Mwaka 2019 hazina ya picha ya kampuni ya Johnson, iliyochapisha majarida ya Ebony na Jet huko Marekani, ilinunuliwa na taasisi kadhaa kwa pamoja kwa dola milioni 30, nayo ikabaki nzima badala ya kugawanywa vipande.

Sisi wa mifuko midogo hatuna fedha za namna hiyo. Ila tukinunua picha nne za mkutano mmoja, tunaweza kuziuza zote nne pamoja, tukaandika zilitoka kabati la gazeti gani, na tukazipiga skani pande zote mbili. Mnunuzi anayetaka moja tu, ya yule mtu maarufu, mimi humwambia atafute kwingine.