Dreamcast na PS2: hiyo milioni 155 tuiangalie vizuri

Kwetu huku mjadala wa konsoli za zamani unaisha kabla haujaanza, mtu anasema PS2 na wote wanaitikia. Ukithubutu kuitaja Dreamcast unapigwa na namba: PS2 imeuza zaidi ya milioni 155, Dreamcast ya Sega milioni 9 na kidogo, sasa unabishana nini? Mi PS2 naipenda na sina mpango wa kuishusha, ila hiyo namba inatumiwa vibaya sana na kuna mashine nzuri mno imezikwa chini yake.

Tuanze na hiyo hiyo namba. Ukigawa 155 kwa 9 unapata kama mara 17, ndo maana watu wanadhani Dreamcast ilikuwa takataka. Lakini Dreamcast ilitoka Japan Novemba 1998, Marekani ikafika tarehe 9 Septemba 1999, halafu Januari 31, 2001 Sega wakatangaza wanaacha na Machi mwaka huo huo uzalishaji ukasimama. Miezi 28 hivi kwa Japan, kwa Marekani ni mwaka mmoja na nusu tu. PS2 ilitoka Machi 2000 na imeendelea kutengenezwa mpaka mwanzoni mwa 2013, yaani karibu miaka 13! Ukigawa kwa miezi, PS2 ilikuwa inauza kama milioni moja kwa mwezi, Dreamcast kama laki tatu na ushee. Tofauti ni kama mara tatu, sio 17. Na hapo niwe mkweli, sehemu ya zile milioni 9 ziliuzwa kwa bei ya kutupa baada ya Sega kukata tamaa, so mara tatu yenyewe inawapendelea Dreamcast kidogo. Bado ni kupigwa, sikatai. Ila kuna kupigwa tatu bila na kuna kupigwa 17, na kumlinganisha mchezaji aliyecheza misimu miwili na aliyecheza 13 kwa jumla ya magoli halafu ukasema yule wa kwanza hajui mpira, hiyo sio haki.

Kuna kitu kingine ndani ya hiyo milioni 155 ambacho hakiongelewi. PS2 ilikuwa deki ya DVD. Mwaka 2000 deki za DVD zilikuwa bei mbaya, Sony wakaleta mashine inayocheza gemu na inayocheza filamu kwa dola 299 Marekani, baba wa nyumba anainunua kwa ajili ya filamu, mtoto anashukuru. Huo ulikuwa ujanja mkubwa na ni sifa halali ya PS2. Lakini ni sifa ya deki! Huwezi kuichukua ukasema inathibitisha kwamba gemu za PS2 za mwaka ule zilikuwa bora.

Maana mwaka ule hazikuwa bora. Gemu za kwanza za PS2 zilikuwa na kingo za kuchongoka kama msumeno, na memori ya picha ya PS2 ilikuwa megabaiti 4 wakati Dreamcast ilikuwa na 8. Kwa ujumla PS2 ilikuwa na nguvu zaidi, memori kuu megabaiti 32 dhidi ya 16, prosesa ya karibu megahetsi 295 dhidi ya 200, ila ilikuwa ngumu kuitengenezea gemu na studio zilichukua muda mpaka zikaielewa. Dreamcast ilikuwa nyepesi kwa watengenezaji tangu mwanzo. Gemu ya mapigano ya Soulcalibur kwenye Dreamcast ilipendeza kuliko ile ya kwenye mashine za arcade ilikotoka, zile za kumbi za gemu za kulipia, kitu ambacho kabla ya hapo kilikuwa nadra, mara nyingi ya nyumbani ndo ilikuwa nakala dhaifu. Na Sega walikuwa na bodi ya arcade inaitwa NAOMI ambayo ndani yake ni karibu Dreamcast ileile, ndo maana Crazy Taxi uliyoicheza nyumbani ilikuwa Crazy Taxi kweli.

Halafu kuna modemu, hapa ndo huwa napata hasira. Dreamcast ilikuja na modemu ndani ya boksi 1999, sio ya kununua pembeni. Unachomeka waya wa simu unaingia intaneti, na mwishoni mwa 2000 Japan walikuwa tayari wanacheza gemu ya Phantasy Star Online watu wanne pamoja kutoka miji tofauti. Adapta ya intaneti ya PS2 kwa Marekani ilianza kuuzwa Agosti 2002, na unainunua mwenyewe. Leo kijana anacheza na mtu wa Brazil kwa simu anaona ni kitu cha kawaida kama maji, sasa kwenye konsoli waliothubutu kukiweka ndani ya boksi ni hawa hawa tunaowacheka. Ongeza matundu manne ya padi wakati PS2 ilikuwa na mawili, ongeza picha safi ya VGA kwenye monita ya kompyuta, ongeza ile memori kadi yenye kioo chake inayokaa ndani ya padi, ukicheza gemu ya Resident Evil Code: Veronica inakuonyesha afya yako hapo hapo mkononi. Mkiwa na padi zenu wote wanne mnacheza pamoja bila kununua adapta ya matundu, hiyo ndo konsoli iliyofikiriwa na watu wanaopenda kucheza.

Haya, upande wa PS2, na hapa watu wa kwetu wana hoja nzito kuliko hata ile namba. Mpira. Dreamcast haikuwa na FIFA hata moja, kwa sababu EA, wenye FIFA, waligoma kabisa kuitengenezea gemu. Inasemwa walitaka wawe peke yao kwenye gemu za michezo na Sega wakakataa maana walishanunua studio yao ya michezo, Visual Concepts. Winning Eleven nayo ilikuwa kwa Sony. Dreamcast ilikuwa na Virtua Striker 2 na Sega Worldwide Soccer, ni za kujifurahisha ila hakuna ligi ya mtaa ingeweza kusimama juu ya Virtua Striker. Sasa fikiria kibanda cha gemu cha Mbagala au Kariakoo bila Winning Eleven, mwenye kibanda angefunga wiki ya pili. Kwa hiyo mtu wa Dar akisema PS2 ndo konsoli ya maisha yake anasema ukweli wake na mi siwezi kumpinga. PS2 ilicheza na diski za PS1 pia, hiyo nayo ilisaidia sana, kibanda kilikuwa hakitupi diski zake za zamani. Na padi ya Dreamcast ina kijiti kimoja tu, waya unatokea upande wa chini, hapo Sony waliwazidi wazi.

Lakini kuna hoja moja ya upande wa PS2 siikubali, ile ya kusema Dreamcast iliuliwa na CD za kuchoma. Ni kweli ulinzi wake ulivunjwa 2000 kupitia mlango wa MIL-CD, muundo wa CD za muziki ambao mashine iliukubali, na baada ya hapo ulikuwa huhitaji hata chipu, unachoma CD unaweka inacheza. Sega waliumia, tena konsoli ilikuwa inauzwa kwa hasara na faida ilitegemewa kwenye gemu. Ila tuulizane sisi wenyewe, diski orijino ya PS1 au PS2 umeiona lini mtaani? Mashine zilifungwa chipu za kukubali diski za kuchoma, diski zilikuwa kwenye mifuko ya nailoni, na PlayStation haikufa, ilinenepa. Kama uharamia peke yake ungekuwa unaua konsoli basi Sony wangekuwa wa kwanza kuzikwa.

Kilichoiua Dreamcast kilitokea kabla haijazaliwa. 1994 Sega wakawauzia watu 32X, kifaa cha kuchomeka juu ya konsoli yao ya zamani kuiongezea nguvu, na muda si mrefu wakaitelekeza. Mei 1995 wakaiachia konsoli yao mpya ya Saturn ghafla Marekani kwa dola 399, maduka mengine hayakupewa mzigo, na siku hiyo hiyo Sony wakatangaza PlayStation ni 299. Wateja wakachoka, maduka yakachoka, hasara ikawa ya mabilioni ya yen. Dreamcast ilipofika ilikuwa inabeba madeni ambayo sio yake. Ndo maana hata ilipokuwa imeshashuka mpaka dola 149 mwaka 2000, nusu ya bei ya PS2, tena PS2 yenyewe imeadimika madukani, watu waliendelea kusubiri PS2. Hawakuwa wanaikataa mashine, walikuwa hawamwamini aliyeitengeneza. Isao Okawa, bosi wa Sega, alitoa mali yake binafsi ya karibu dola milioni 700 kuiokoa kampuni na akafariki Machi 2001, mwezi ule ule uzalishaji uliposimama. Mtu anatoa utajiri wake namna ile halafu sisi tunakuja kusema konsoli ilikuwa mbovu?

Na mashabiki wa Arsenal mnaijua hii mashine kuliko mnavyodhani, lile neno Dreamcast kifuani kwenye jezi ya nyumbani ndo hiyo. Msimu wa 2001/02 Arsenal wanachukua ligi na FA, konsoli ilikuwa imeshaacha kutengenezwa zaidi ya mwaka! Ukikutana na ile jezi kwenye mtumba usiiache.

Msimamo wangu ni kwamba ukichukua konsoli yote kwa maisha yake yote, na maktaba ya gemu iliyojaa mpaka juu, PS2 inashinda, hasa kuanzia 2001 GTA III ilipotoka. Ukiniuliza mashine gani ilikuwa bora kucheza Desemba 2000, watu wanne sebuleni na bei nusu, ni Dreamcast na wala sio karibu. Hata leo kuna mashabiki wamezifufua seva za zile gemu za intaneti, wanachomeka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayojifanya laini ya simu na modemu ile ya 1999 inakubali, wanacheza Phantasy Star Online. Kama unatafuta ya kununua sasa hivi na nia yako ni mpira na washkaji, chukua PS2. Kama Winning Eleven umeshaicheza ukaimaliza na unataka kujua Sega walikuwa wanafikiria nini, tafuta Dreamcast yenye padi nne na usianze na mpira, anza na Soulcalibur.