Pumu ya Mtoto na Msako wa Mkosaji Kwenye Ukoo

Mtoto akikohoa usiku kucha, kifua kikipiga miluzi, kisha daktari akatamka neno pumu, swali la kwanza nyumbani si dawa gani. Ni hili: imetoka upande wa nani? Upande wa baba huapa kwao haipo. Mama mkwe anakumbuka ghafla kwamba babu mmoja wa yule mke "alikuwa hapumui vizuri". Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, na mara nyingi anayetoka ameinamisha kichwa ni mama wa mtoto.

Sisemi urithi ni uzushi. Pumu hutembea na ukoo kweli. Mzazi mmoja akiwa nayo hatari ya mtoto hupanda, na wote wawili wakiwa nayo hupanda zaidi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kuwa sehemu moja ya kromosomu ya 17 (kromosomu ni nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani vipande vya urithi), karibu na jeni iitwayo ORMDL3, inahusiana na pumu inayoanza utotoni. Tangu hapo sehemu nyingine nyingi zimepatikana, na kila moja ina mchango mdogo tu. Hapo ndipo kesi ya mama mkwe inapoanguka. Hakuna jeni moja ya pumu ambayo mke aliibeba kwao akaja nayo kwa mumewe. Ni vipande vidogo vidogo kutoka pande zote mbili, na wengi wanaovibeba hawajawahi kubanwa kifua hata siku moja. Hata mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akawa mzima.

Tena jeni hizo hazifanyi kazi peke yake. Mwaka 2008 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kuwa athari ya ile sehemu ya kromosomu ya 17 ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliovutishwa moshi wa sigara wakiwa wadogo. Baba anayevuta sebuleni huku akiulizia ukoo wa mkewe, sijui nimweleze vipi.

Mfano wa hapa kwetu Kenya ni utafiti uliochapishwa mwaka 1998. Watoto wa shule za msingi walikimbizwa, kisha pumzi zao zikapimwa. Waliobanwa mirija ya hewa baada ya mbio walikuwa asilimia 22.9 Nairobi na asilimia 13.2 Murang'a. Familia nyingi za Nairobi zina shamba na nyanya huko Murang'a. Jeni hazibadiliki kwa kupanda matatu. Kinachobadilika ni hewa, nyumba, chakula na vumbi.

Marekani walipata picha kali zaidi mwaka 2016. Waamishi wa Indiana na Wahutteri wa South Dakota, jumuiya mbili za Kikristo, wana asili inayokaribiana sana, na wote ni wakulima. Pumu ilikuwa kwa takriban asilimia 5 ya watoto wa Waamishi na asilimia 21 ya watoto wa Wahutteri. Waamishi hulima kwa farasi, na mazizi yao yako jirani na nyumba. Wahutteri wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na makazi. Watafiti walichukua vumbi la nyumba za Waamishi, wakawapa panya, na panya wale wakapata kinga dhidi ya dalili za pumu. (Usiende kumlaza mtoto zizini. Mtoto ambaye tayari ana pumu, vumbi linaweza kumbana vilevile.)

Kwa hiyo ukoo uulizwe, ila kliniki, na mapema. Mzazi ana pumu? Basi kusiwe na sigara ndani ya nyumba tangu mimba, jiko la mkaa litoke chumbani, na mtoto anayeambiwa ana nimonia kila mara achunguzwe upya, huenda ni pumu. Akithibitishwa kuwa na pumu inayomrudia rudia, apewe dawa ya kinga ya kuvuta, ile ya kila siku, badala ya kutegemea inhela ya bluu peke yake, ile ya kufungua kifua haraka anapobanwa. Hofu kwamba "atazoea inhela" imewakosesha wengi usingizi bure.

Na kama pesa ya kile kifaa cha plastiki cha kuunganisha na inhela haipo, chupa ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Cape Town waliijaribu na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifikia kifaa cha dukani. Toboa kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela, ingiza inhela, ziba pembeni hewa isipite, mtoto avute kwa mdomo wa chupa. Mwombe muuguzi akuoneshe mara ya kwanza.